Risasi Ipi Bora? Majaribio ya Risasi za Bunduki za Kushindilia

Bunduki ya kushindilia ni bunduki inayotiwa baruti na risasi kwa njia ya mdomo wa mtutu. Baruti humiminwa kwanza, kisha risasi husukumwa kwa mdeki hadi ikalie baruti hiyo. Katika Afrika Mashariki bunduki ya namna hii hujulikana zaidi kwa jina la gobore. Magobore mengi yaliingia bara pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, na baadhi ya wapiganaji wa vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, walikuwa nayo mikononi. Kwa kawaida mtutu wa gobore ni laini ndani. Bunduki zinazozungumziwa katika makala haya ni jamaa za gobore, lakini mitutu yao ina michirizi inayozunguka kama uzi wa parafujo.

Nchini Marekani bunduki hizo bado hutumika kuwafundishia vijana. Chama cha vijana cha 4-H, ambacho vyama vya 4-K vya Kenya viliundwa kwa kufuata mfano wake, kina mpango wa michezo ya shabaha, na bunduki ya kushindilia ni mojawapo ya masomo ya mpango huo. Wakufunzi huithamini kwa sababu hutoa risasi moja tu kila inaposhindiliwa. Kijana hana budi kupima baruti, kuweka risasi, kushindilia, kurudisha mdeki mahali pake na kutia fataki, kila hatua kwa zamu yake. Hana nafasi ya kufyatua ovyo.

Hata hivyo mkufunzi hukabiliwa na swali ambalo si jepesi kama linavyoonekana. Risasi za bunduki hizi ni za maumbo mengi. Ipo ya mviringo kama goroli, ambayo hufungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Ipo ya umbo la pia yenye kitako kilichobonyea ndani. Ipo pia ndefu isiyobonyea, yenye mifereji ya kushika mafuta. Ipi iwekwe mikononi mwa kijana wa miaka 12 au 14? Aghalabu jibu hupatikana kwa njia ya haraka: mtu hupiga risasi tatu za aina moja na tatu za aina nyingine, hutazama matundu, kisha hutangaza mshindi. Njia hiyo ina kasoro kubwa, na kasoro zake zinafaa kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa sayansi, hata yule ambaye hatagusa bunduki maishani mwake.

UMBO NA MZUNGUKO

Katika lugha ya Kiswahili risasi imepata jina lake kutokana na madini yake. Madini ya risasi ni mazito, huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, na ni laini kiasi cha kuweza kushika michirizi ya mtutu bila kuuharibu. Kwa sababu hizo yametumika kutengeneza risasi tangu zamani.

Risasi ya mviringo inayotoka katika mtutu laini hugusa ukuta wa mtutu huku na huku, nayo huondoka ikizunguka kwa namna isiyotabirika. Mwingereza Benjamin Robins, aliyechapisha kitabu chake cha kanuni za mizinga mwaka 1742, alionyesha kwamba mzunguko huo huipotosha risasi kando ya njia yake. Hewa huisukuma upande mmoja zaidi ya mwingine, jinsi mpira wa miguu uliopigwa pembeni unavyopinda ukiwa hewani. Dawa yake ni kuipa risasi mzunguko uliopangwa, ambao mhimili wake unaelekea mbele. Hiyo ndiyo kazi ya michirizi.

Risasi ndefu ina tatizo lake pia. Hewa inayoipinga mbele hutaka kuipindua, iruke kichwa chini miguu juu. Mzunguko huizuia isipinduke, kama vile pia ya watoto inavyosimama wima wakati inapozunguka na kuanguka inapochoka. Kadiri risasi inavyokuwa ndefu kuliko kipenyo chake, ndivyo inavyohitaji kuzunguka kwa kasi zaidi. Mwaka 1879 George Greenhill, mwalimu wa hisabati huko Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni rahisi ya kukadiria jambo hilo: gawanya 150 kwa urefu wa risasi uliopimwa kwa vipenyo vyake, na jibu ni urefu wa mzunguko mmoja wa michirizi, nao pia umepimwa kwa vipenyo.

Mfano utasaidia. Mtutu una kipenyo cha milimita 11.4. Risasi yenye urefu wa vipenyo 2 itahitaji mzunguko mmoja katika vipenyo 75, yaani karibu sentimeta 86. Risasi ya vipenyo 3 itahitaji mzunguko mmoja katika vipenyo 50, yaani sentimeta 57. Mitutu iliyotengenezwa kwa ajili ya risasi ya mviringo huzunguka polepole zaidi. Mingi hukamilisha mzunguko mmoja katika sentimeta 120 hadi 170.

Hapa kuna fundisho la kwanza kwa mwenye kufanya majaribio. Risasi ndefu ikishindwa katika mtutu wa mzunguko wa polepole, haijathibitika kuwa ni mbaya. Imethibitika tu kuwa haipatani na mtutu ule. Jaribio hupima risasi na mtutu kwa pamoja, na jibu lake halihamishwi kwenda kwenye bunduki nyingine bila kujaribu upya.

MHANDISI WA MANCHESTER

Historia ina mfano mashuhuri wa majaribio ya namna hii. Mwaka 1849 ofisa wa Ufaransa, Claude-Étienne Minié, alitengeneza risasi ya umbo la pia yenye shimo kitakoni. Risasi hiyo ilikuwa nyembamba kuliko mtutu, hivyo ilishuka kwa urahisi wakati wa kushindilia. Baruti ilipowaka, gesi ilitanua kitako chake na kukifanya kishike michirizi. Majeshi mengi yaliiga ubunifu huo. Uingereza ilitengeneza bunduki ya Enfield ya mwaka 1853, na Marekani ikapokea risasi ya namna hiyo mwaka 1855. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, risasi hiyo ilivunja mifupa vibaya mno, na madaktari wa vita walikata maelfu ya mikono na miguu.

Serikali ya Uingereza ilimwomba Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester aliyesifika kwa vipimo vyake vya usahihi, aichunguze bunduki yake. Whitworth hakuanza kwa kubuni bunduki mpya. Alianza kwa kujenga banda refu la kupigia shabaha, lenye urefu wa yadi 500, yaani karibu mita 457, ili upepo usiingilie matokeo. Ndani yake alitundika karatasi nyembamba mahali mbalimbali katika njia ya risasi. Tundu la mviringo lilionyesha kwamba risasi ilipita ikiwa imetanguliza ncha. Tundu refu lilionyesha kwamba ilikuwa imeanza kupinduka. Kwa njia hiyo aliweza kusoma safari yote ya risasi, badala ya kuona mwisho wake tu. Alijaribu mitutu yenye mizunguko tofauti, mmoja baada ya mwingine.

Hatimaye alichagua mtutu wa pembe sita, mwembamba kuliko wa Enfield, uliozunguka mara moja katika inchi 20, yaani sentimeta 51. Michirizi ya Enfield ilizunguka mara moja katika inchi 78, yaani sentimeta 198. Risasi zote mbili zilikuwa na uzito ulio sawa, karibu gramu 34, na ziliendeshwa kwa kiasi kilekile cha baruti, karibu gramu 4.5. Katika mashindano ya mwaka 1857 huko Hythe, kwa umbali wa yadi 500, matundu ya Whitworth yalikuwa kwa wastani sentimeta 11 tu kutoka kitovu cha kundi lake; yale ya Enfield yalikuwa zaidi ya sentimeta 60.

Hata hivyo jeshi halikuichukua bunduki ya Whitworth iwe silaha ya askari wote. Mtutu wake mwembamba ulijaa ukoko wa baruti upesi, na gharama ya kuutengeneza ilikuwa kubwa. Whitworth alikuwa amejibu kwa usahihi swali la bunduki ipi hulenga vizuri zaidi. Swali la jeshi lilikuwa pana zaidi: bunduki ipi itamfaa askari wa kawaida, katika matope, baada ya kupiga risasi nyingi? Mkufunzi wa vijana naye ana swali lake, na hapana budi alitamke kabla ya kupima chochote.

KUMTENGA MPIGAJI NA RISASI

Mwaka 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya shabaha ya Wimbledon kwa kufyatua bunduki ya Whitworth iliyofungwa imara juu ya kiegemeo cha chuma. Alivuta kamba tu, na risasi ikapiga karibu sana na kitovu cha shabaha iliyokuwa yadi 400 mbali. Hakuna aliyedai kwamba malkia alikuwa mlengaji hodari. Kiegemeo kilikuwa kimeondoa pumzi, mapigo ya moyo na mtikisiko wa mikono.

Jaribio la risasi linahitaji jambo hilohilo. Bunduki huwekwa juu ya meza imara, ikaegemezwa kwenye mifuko ya mchanga, na mpigaji huwa mtu mzima mzoefu. Kijana asitumiwe kupima risasi, na risasi isiyopimwa isitumiwe kumpima kijana. Kanuni ya pili husahauliwa mara nyingi. Kijana anayepewa risasi isiyopatana na mtutu atakosa shabaha hata akifuata maelekezo yote. Atalaumiwa, atajilaumu, na huenda akaacha mchezo akiamini kwamba hana kipawa.

Baada ya mpigaji kutengwa, kila kitu kingine kisichochunguzwa lazima kibaki vilevile. Baruti ipimwe kwa kipimo kimoja. Kitambaa kiwe cha unene mmoja na mafuta yawe ya aina moja. Risasi zipimwe kwenye mizani moja baada ya nyingine, kwa maana risasi iliyomiminwa kwenye kalibu inaweza kuficha kiputo cha hewa. Kiputo hicho huvuta kitovu cha uzito kando, na risasi hutikisika inapozunguka. Risasi iliyo nyepesi kuliko wenzake irudishwe kwenye chungu cha kuyeyushia.

Ukoko wa baruti unahitaji uangalifu wa pekee. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, kwa kawaida sehemu 75, 15 na 10 katika kila 100. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka kuwa vitu yabisi. Baadhi hutoka kama moshi mweupe, na baadhi hubaki mtutuni. Mtu akipiga risasi 10 za aina ya kwanza kisha 10 za aina ya pili bila kusafisha, ile ya pili itakuwa imesafiri katika mtutu mwingine kabisa. Kwa hiyo mtutu husafishwa baada ya kila risasi kwa idadi ileile ya mapito ya kitambaa, na aina mbili hupigwa kwa kupokezana, kila moja kwenye karatasi yake. Hivyo joto, upepo na uchovu wa jicho hugawanywa sawasawa. Anayepima matundu asiambiwe karatasi ipi ni ya risasi ipi, ili matumaini yake yasiguse rula.

KWA NINI TATU HAZITOSHI

Sarafu nzuri ikirushwa mara 3, inaweza kuonyesha upande uleule mara zote tatu. Jambo hilo hutokea mara 1 katika kila majaribio 4, na hakuna mtu mwenye busara atakayesema kwamba sarafu ina kasoro. Lakini mtu huyohuyo akiona matundu matatu yamekaribiana husema papo hapo kwamba amepata risasi bora. Ikumbukwe kwamba hata risasi zilizo sawa kabisa zikishindanishwa, moja lazima itaonekana imeshinda.

Namna ya kupima nayo ina mitego. Wapigaji wengi hupima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Kipimo hicho ni chepesi, lakini hutegemea matundu mawili mabaya kuliko yote na kuyapuuza mengine. Tena hukua kadiri risasi zinavyoongezeka. Kwa bunduki ileile na risasi ileile, kundi la risasi 10 litakuwa kwa wastani pana kuliko kundi la risasi 3 kwa zaidi ya nusu, ingawa hakuna kilichoharibika. Anayelinganisha matatu ya leo na kumi ya jana hujidanganya.

Kipimo kilicho bora ni kutafuta kitovu cha kundi, kupima umbali wa kila tundu kutoka kitovu hicho, kisha kutafuta wastani wa umbali huo. Kila risasi hupata kura yake. Ni kipimo cha namna hiyo kilichotumika Hythe mwaka 1857. Risasi 20 za kila aina hutoa jibu la kuaminika kuliko 5, ila faida haiongezeki kwa uwiano ulio sawa: ili kupunguza shaka hadi nusu, idadi ya risasi lazima izidishwe mara nne.

Tundu lililo mbali na mengine lisifutwe kwa sababu tu linachukiza. Linaweza kuondolewa endapo mpigaji alisema kabla ya kutazama shabaha kwamba alitikisika. Akisema baada ya kuitazama, tundu libaki.

BEGA LA KIJANA

Tuseme sasa kwamba jaribio limefanywa kwa uaminifu, na risasi ndefu imeshinda ile ya mviringo kwa tofauti ndogo. Je, apewe kijana? Swali hilo linahitaji kanuni ya tatu ya Newton na hesabu fupi.

Risasi ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 11.2 ina uzito wa gramu 8.3. Ikiondoka kwa kasi ya mita 450 kwa sekunde, zao la uzito na kasi yake, yaani momenta, ni 3.7 kwa kilogramu na mita kwa sekunde. Bunduki yenye uzito wa kilogramu 3.5 itarudi nyuma kwa kasi ya mita 1.07 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya karibu jouli 2. Risasi ndefu yenye uzito maradufu, gramu 16.6, ikiondoka kwa mita 380 kwa sekunde, itairudisha bunduki ileile kwa mita 1.8 kwa sekunde. Nishati yake itakuwa karibu jouli 5.7. Gesi ya baruti, ambayo haikuhesabiwa hapa, huongeza msukumo katika hali zote mbili.

Hivyo bega hupokea karibu mara tatu ya nishati. Mtu mzima anaweza kuvumilia bila kujali. Kijana mwembamba huanza kufumba macho na kukaza bega kabla ya kufyatua, na kosa hilo hupoteza shabaha kwa kiasi kinachozidi sana ile tofauti ndogo iliyopatikana mezani. Ni kweli kwamba risasi ya mviringo hupoteza kasi upesi hewani, na kwa masafa marefu risasi ndefu huishinda bila ubishi. Lakini vijana wanaoanza hupiga shabaha za karibu, na katika umbali huo faida ya risasi ndefu haipati nafasi ya kujitokeza. Ndiyo maana kwa wanaoanza risasi ya mviringo ndani ya kitambaa, ambayo ni ya kale kuliko zote, bado ina sifa ya kuchaguliwa.

Usalama nao una sauti yake. Risasi lazima ikalie baruti bila kuacha nafasi katikati. Nafasi ikiwapo, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Kwa sababu hiyo mdeki huwekewa alama inayoonyesha risasi imefika chini. Risasi ndefu isiyobana vizuri inaweza kuteleza mbele mtutu unapoinamishwa, wakati ile ya mviringo hushikwa na kitambaa chake. Aina yoyote inayoteleza iondolewe katika orodha, hata kama matundu yake ni mazuri. Madini ya risasi ni sumu: kuyeyusha ni kazi ya watu wazima mahali penye hewa, na kila aliyeshika risasi anawe mikono kabla ya kula.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu anaweza kufundisha mambo haya yote bila bunduki. Wanafunzi watengeneze vidonge vya udongo wa mfinyanzi vyenye uzito ulio sawa kwenye mizani, 20 vya mviringo na 20 virefu. Karatasi kubwa yenye alama ya msalaba itandazwe sakafuni. Mwanafunzi mmoja asimame juu ya benchi imara na kuviangusha kwa kupokezana, akilenga msalaba, kutoka kimo kilekile. Mwenzake aweke alama kila kinapogusa, kwa rangi mbili tofauti. Kisha darasa litafute kitovu cha kila kundi na wastani wa umbali kutoka hapo.

Kabla ya kuhesabu yote 20, mwalimu awaambie wahesabu 3 za kwanza tu na waandike mshindi ubaoni. Wahesabu tena baada ya 10, na mwisho baada ya 20. Makundi mbalimbali ya darasa yalinganishe majibu yao. Huenda washindi wa mara ya kwanza wasiwe washindi wa mwisho, na huenda mwishoni pasiwe na mshindi. Jibu la pili nalo liandikwe daftarini kwa heshima ileile, kwa kuwa kujua kwamba vitu viwili havitofautiani ni ujuzi, na mkufunzi aliyeupata kwa haki anaweza kuchagua risasi iliyo nyepesi zaidi kwa bega bila wasiwasi wowote.